Maziwa Yaliyoamsha Saa

Naikumbuka Alhamisi moja ya mwezi Februari, wiki ya tatu, jua la Lodwar likiwa kali hata kuku wamekimbilia uvunguni mwa vitanda. Mwaka sitautaja, mwanangu, kwa sababu wajukuu wangu wana tabia ya kuchukua kila mwaka ninaoutaja na kuufanyia hesabu ya umri wangu. Lakini siku naijua, wiki naijua na mwezi naujua, maana mtu aliyeanza kusoma akiwa tayari na watoto wawili hujifunza kutunza tarehe kama wengine wanavyotunza mbuzi.

Mume wangu alikuwa amezikwa mwezi Oktoba wa mwaka uliotangulia. Mwezi Januari, shingo yangu ikiwa bado tupu bila shanga kama inavyompasa mjane wa Kiturkana, nilijiandikisha katika darasa la watu wazima pale Kanamkemer, lile ambalo watu mtaani waliliita ngumbaru na kulicheka. Nami sikujali kuchekwa. Nilikuwa nimekaa na barua za marehemu mume wangu mapajani mwangu, barua ambazo yeye alikuwa akinisomea, nikagundua kwamba hakuna tena wa kunisomea. Siku hiyo hiyo nilikwenda kuuliza darasa linaanza lini.

Sasa, siku moja kabla ya Alhamisi hiyo, mama mkwe wangu alifika kutoka Lokitaung. Jina lake lilikuwa Arupe. Alikuja juu ya lori la mbuzi, amesimama njia nzima, mkononi ameshika kibuyu cha maziwa lala ambacho hakukubali mtu yeyote amshikie. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo watu waliisogelea ili waisikie. Hakuja kunitembelea tu. Wazee wa upande wa mume wangu walikuwa wamekaa na kukubaliana kwamba nirudi nyumbani Lokitaung, niishi katika boma la mdogo wake marehemu, na niwe chini ya ulinzi wake pamoja na watoto wangu. Hiyo ndiyo desturi, na sitaisema vibaya, kwa maana nia yao ilikuwa nisiachwe peke yangu mjini. Ila masomo yangu yangekuwa yamekwisha.

Wazee walikuwa wamemwachia yeye neno la mwisho, kwa kuwa ndiye aliyemzaa mume wangu.

"Kesho jioni nitasema," aliniambia. "Keshokutwa kuna lori la kurudi."

Nikamwomba jambo moja tu: kesho mchana niende darasani, hata kama ni kwa mara ya mwisho. Akasema, "Tutakwenda wote. Nataka nikione hicho kitu kilichomfanya mke wa mwanangu asahau njia ya nyumbani."

Basi tukaenda wote. Yeye akabeba kibuyu chake, maana hakuwa mtu wa kuacha maziwa katika nyumba isiyo na mtu.

Darasa letu lilikuwa chumba kimoja cha mabati karibu na kanisa. Tulikuwa wanawake watupu, kila mmoja na kazi yake ya asubuhi: wengine wasusi wa vikapu vya mkoma, wengine wauza makaa, na Akal, ambaye alipika mandazi na kumtania kila aliyepita. Mwalimu wetu aliitwa Ewoi. Kwa umri angeweza kuwa mdogo wangu wa kuzaliwa, lakini alitufundisha kwa heshima ambayo sijaisahau. Hakupata hata siku moja kutuuliza tulikuwa wapi miaka yote ile.

Siku hiyo aliingia huku ananuka kachumbari. Alikuwa ametoka Kakuma, alikokwenda kununua chupa ya siki katika maduka ya kambi ya wakimbizi, kwa kuwa Lodwar yetu ya wakati ule haikuwa na siki rahisi kupatikana. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Kizibo kilikuwa kimelegea njiani, na siki karibu yote ilikuwa imenywewa na mkoba wake.

"Mwalimu," Akal akasema, "leo tunapika ama tunasoma?"

"Tunasoma, Mama Akal."

"Sasa mbona wewe unanuka hoteli?"

Tukacheka, naye akacheka. Kisha akatundua saa ya ukutani, akaifungua mgongoni, akatuonyesha nafasi ya betri. Ilikuwa tupu. Mishale ilikuwa imesimama tangu muhula uliopita, nasi tulikuwa tumezoea kuitazama kama mtu anavyotazama picha.

"Saa hii haina betri," akasema. "Leo siki itakuwa betri yake."

"Bwana yangu pia amezima tangu Krismasi," Akal akasema. "Nimpelekee siki kidogo?"

Msamehe, mwanangu. Ndivyo alivyokuwa, na bila yeye miaka ile ingekuwa mirefu zaidi.

Mwalimu Ewoi alingoja kicheko kiishe, halafu akatueleza jambo ambalo hata leo nikilieleza nalisikia kwa sauti yake. Siki ni asidi, akasema. Maji safi peke yake karibu hayapitishi umeme. Lakini asidi ikiwa ndani ya maji, sehemu yake huvunjika na kuwa chembe ndogo mno, ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na kila chembe imebeba umeme wake. Chembe hizo huitwa ayoni. Kwa kuwa zinaweza kutembea ndani ya maji, umeme nao hupata njia. Kisha ukitia metali mbili ndani ya asidi hiyo, moja ambayo ni nyepesi kuliwa na nyingine ambayo ni ngumu kuliwa, ile nyepesi huanza kuliwa polepole, na katika kuliwa kwake huacha umeme ambao hutafuta njia ya kwenda kwa mwenzake kupitia waya.

Akaona nyuso zetu. Akaiweka chaki chini.

"Mmeshawahi kunywesha ng'ombe wakati wa kiangazi, kwenye kisima kirefu cha mtoni?"

Nani kati yetu hakuwahi? Wakati mto umekauka, watu huchimba mchangani mpaka chini kabisa, kisha husimama mmoja juu ya mwingine ndani ya kisima, wakipokezana ndoo hadi juu kwenye hori.

"Ndoo zilizojaa zinapanda," akasema. "Na zilizo tupu?"

"Zinarudi chini," tukajibu.

"Zisiporudi?"

"Kazi inasimama," mimi nikasema. "Hata kama maji yapo."

"Basi waya ndio watu wanaopandisha ndoo zilizojaa. Na asidi ndiyo njia ya kurudishia ndoo tupu. Ikikosekana moja, saa haitembei."

Mwanangu, nimesoma vitabu vingi baada ya siku hiyo, lakini sijapata maelezo yaliyonikaa kichwani kuliko hayo.

Tukaanza. Alitaka metali mbili, shaba na zinki. Akal akavua bangili zake mbili za shaba, za mkono wa kulia na wa kushoto, akazitumbukiza zote mbili katika kikombe kimoja cha siki, akaunganisha waya, akakaa kungoja. Saa ikanyamaza. Wote tuliona amefanya sawa kabisa, kwa sababu kwetu pambo la mkono huvaliwa kwa jozi, na kuitenganisha jozi ni kuiharibu.

"Hizi ni ndugu," mwalimu akasema. "Hakuna anayempa mwenzake kitu. Tunahitaji wageni wawili."

Akachukua msumari wa kupigilia mabati, ule uliopakwa zinki ili usishike kutu, akauweka mahali pa bangili moja. Kabla ya kuunganisha waya akatuonya, kwa Kiswahili, na kwa sauti ya kutaka tusikie: "Chochote kilicholala na msumari huu si chakula tena. Zinki inaingia humo ndani. Mtu akinywa, tumbo litamkata na atatapika vibaya."

Akaunganisha. Mshale wa saa ukatikisika mara moja, kama mtu anayeshtuka usingizini, kisha ukalala tena. Kikombe kimoja hakikutosha. Vilihitajika viwili, kimoja kimsukume mwenzake, na siki ya kikombe cha pili ilikuwa imekwisha kunywewa na mkoba.

Mwalimu Ewoi akatazama chupa tupu. Nami nikamtazama mama mkwe wangu aliyekaa mlangoni juu ya kigoda chake, hajui neno la Kiswahili isipokuwa salamu, uso wake haunielezi lolote. Nilijua anachokiona: wanawake wazima, wengine wana wajukuu, wamezunguka kikombe cha maji makali na msumari, na hakuna kilichotokea. Kama angetoa neno lake saa ile, ningekuwa kwenye lori.

Ndipo mwalimu akamwona, na akaona kibuyu. Akamwendea, akachuchumaa mbele yake, akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, Ata." Ata ndivyo tunavyowaita mabibi.

"Ejok."

"Hayo maziwa yamechacha?"

"Wewe unadhani nimebeba maziwa ya mtoto mchanga?"

"Naomba kidogo, Ata. Uchachu wa maziwa na uchachu wa siki ni watu wa ukoo mmoja. Ninaweza kukifanya kikombe chako kisukume saa."

Mama mkwe wangu akakipakata kibuyu. Maziwa kwetu si kitu cha kuchezea, na kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kibaya. Hatimaye akafungua kibuyu, akamimina mwenyewe ndani ya kikombe, si kidogo kama alivyoombwa bali mpaka karibu na ukingo, kwa sababu hakujua kumpa mtu nusu.

Bangili ya pili ya Akal ikaingia katika maziwa pamoja na msumari wa pili. Waya mmoja ukatoka kwenye msumari wa siki kwenda kwenye bangili ya maziwa. Nyaya mbili zilizobaki zikaenda kwenye saa.

Na saa ikaanza kutembea.

Haikuwa kelele kubwa, mwanangu. Ilikuwa tik, tik, tik, sauti ndogo kama mdudu anayekula ukuni. Lakini chumba chote kilinyamaza ili kuisikia. Akal alisahau kufanya mzaha. Mama mkwe wangu, ambaye macho yake hayakuwa mazuri, aliinuka akasogeza sikio karibu na saa, akabaki hapo kwa kitambo.

"Maziwa yangu ndiyo yanayofanya hivi?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama. Maziwa yako na siki."

Tukaiacha saa itembee mpaka mwisho wa kipindi. Halafu mzee wa kanisa akamwita mwalimu nje kwa shauri la funguo, nasi tukaanza kukusanya vitu. Akal akachukua bangili zake, zimetoka humo ziking'aa kuliko siku aliyozinunua, akawa anamwonyesha kila mtu.

Nilipogeuka, mama mkwe wangu alikuwa ameondoa msumari katika maziwa, ameufuta, ameuweka mezani vizuri. Akainua kikombe.

Ulipaswa kuwa umekulia kwetu ili uelewe kwa nini hakuna kitu cha kawaida kuliko hicho. Maziwa hayamwagwi. Yalikuwa yamefanya kazi yao, sasa yanywewe. Yeye hakuwa ameelewa onyo lililotolewa kwa Kiswahili. Wenzangu wote walikuwa wameelewa, na wote walimwona. Lakini hakuwa mama mkwe wao, wakaniangalia mimi. Na mimi nikafikiri: huyu ndiye anayeshika neno langu la jioni. Mke wa mwana hamnyang'anyi mama mkwe chombo mkononi, tena mbele za watu, tena chombo cha maziwa yake mwenyewe. Nikimwaibisha hapa, nimejifunga mwenyewe kwenye lori. Pengine atakunywa kidogo tu. Pengine mwalimu atarudi.

Kikombe kilikuwa kimefika mdomoni nilipomshika mkono.

"Mama, usinywe. Chuma kimeingia ndani."

Nilimshika kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, na maziwa yakamwagika juu ya shuka yake. Alinitazama, akautazama mkono wangu juu ya mkono wake, nami nikauondoa. Kisha akatoka nje na kikombe chake, akayamwaga maziwa mchangani polepole, midomo yake ikitembea, kama mtu anayempa Akuj, Mungu wetu, fungu lake na kumweleza sababu.

Tukarudi nyumbani. Nilikwenda nyuma yake, nikizitazama nyayo zake mchangani, na nikianza kuhesabu moyoni nitamwachia nani sufuria zangu.

Tulipofika, aliketi, akaomba maji, akanywa. Ndipo akasema, "Nieleze."

Nikamweleza kwa Kiturkana, kwa kisima, kwa ndoo zilizojaa na zilizo tupu, kwa metali moja inayoliwa na nyingine inayopokea. Alinikatiza mara nyingi. Alitaka kujua kwa nini umeme wa kikombe haukuniumiza kidole, nikamwambia ni mdogo mno. Alitaka kujua kama maziwa mabichi yangefanya hivyo, nikamwambia ni hafifu kuliko hayo, kwa maana uchachu ndio wenye kazi.

"Kwa hiyo ule msumari ulikuwa unaliwa."

"Ndiyo, mama."

"Na aliyekuwa anaula ni maziwa yangu." Akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu alipofika nikaona meno yake. "Ng'ombe wangu amekonda hata mbavu zinahesabika, lakini maziwa yake yanakula chuma."

Nikacheka. Lakini yeye alikwisha kuacha kucheka.

"Nitakuuliza jambo," akasema. "Macho yangu ni mabaya kwa vitu vya mbali, wewe ulikuwa karibu. Nilikuona. Ulijua tangu nilipokiinua kikombe. Kwa nini ulingoja hadi kikafika mdomoni?"

"Niliogopa kukuvunjia heshima, mama."

"Heshima gani hiyo, inayonitazama nikinywa kitu kibaya?" Sauti yake haikupanda, ilishuka, nikalazimika kuinama. "Kunyamaza ninako kwingi Lokitaung. Mbuzi wangu wote wananyamaza mbele yangu. Kama umekuja huku kujifunza, halafu ulichojifunza kinakaa kimya wakati mimi nakihitaji, basi umejifunza kwa ajili ya nani? Siku nyingine usingoje. Niambie kikombe kikiwa bado mezani, na uniambie vizuri, nami sitakuwa na shuka ya kufua."

Nikasema, "Nimesikia, mama."

Nje watoto wangu walikuwa wakirudi kutoka shule, sauti zao zinasikika njiani. Naye akasema neno ambalo nililingoja tangu jana yake, akalisema kana kwamba anazungumzia hali ya hewa:

"Kesho nitapanda lori peke yangu. Nitawaambia wazee kwamba mke wa mwanangu ana kazi hajaimaliza. Mdogo wake marehemu ana mke tayari, na yule mmoja anamtosha kumsumbua."

Mwanangu, sikupata neno la kumshukuru siku ile, na nadhani ndiyo sababu ninamshukuru mpaka leo. Mwaka huo hata mwaka uliofuata, kila muhula ulipofunguliwa, dereva wa lori alishusha kibuyu mlangoni pangu pamoja na ujumbe ule ule: maziwa ya kunywa, si ya saa. Nilipofaulu mtihani wangu wa kwanza, nilikwenda Lokitaung kumwambia kwa mdomo wangu. Alinivisha shanga zake mwenyewe, akasema muda wa shingo tupu umekwisha. Amelala huko sasa. Kaburi lake nalizuru kila Februari, wiki ya tatu, na kama Alhamisi haiwezekani basi Ijumaa.

Siku hizi nafundisha Kakuma. Darasani kwangu kuna wanawake wa Kiturkana na wanawake waliokimbia vita Sudan Kusini, wengine wajane kama mimi, na wengine wadogo kiasi cha kuwa wajukuu wangu. Siki sasa hupatikana katika kila duka, na mahali pa saa tunatumia taa ndogo nyekundu zilizotolewa katika redio mbovu, vikombe vinne kwa taa moja. Lakini kisima ni kile kile, na ndoo ni zile zile.

Mwezi Juni mwaka huu, Jumanne, nilikuwa nimemaliza kuonyesha jambo hilo, nimechoka, koo limekauka. Chai yangu ilikuwa juu ya meza hiyo hiyo, kando ya vikombe vya siki. Macho yangu yameanza kuwa kama ya mama mkwe wangu. Nilinyoosha mkono huku nikizungumza, na nilikuwa bado sijakigusa kikombe nilipoisikia sauti kutoka safu ya nyuma:

"Mama mwalimu, hapana! Hiyo si chai. Chai ni hii ya huku."

Alikuwa Nyandeng, msichana aliyefika kambini mwaka jana, ambaye tangu Januari sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya "ndiyo". Alikuwa amesimama, amejifunika mdomo kwa mkono, akiogopa kwamba amempigia mwalimu kelele. Wenzake walikuwa wakimtazama vile wenzangu walivyonitazama mimi.

Nilimwita mbele. Nikamshika mkono mbele ya darasa zima, nikamwambia, "Mimi nilingoja hadi mdomoni. Wewe hukungoja. Asante, binti yangu." Halafu nikaketi, nikainywa chai yangu yote hali imepoa.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, nami naisema wazi ili usiitafute. Jifunze kwa bidii, hata ukianza kwa kuchelewa, hata wakikucheka. Ukishajua jambo linaloweza kumkinga mwenzako, liseme mapema, kikombe kikiwa mezani, na uliseme kwa adabu. Lakini adabu isikuzuie kulisema. Ukiwa mkubwa, na mdogo akakushika mkono, usiutazame mkono wake, tazama kikombe. Na usisahau kumshukuru aliyekukemea kwa haki, ungali naye, kabla hujalazimika kumpelekea shukrani kaburini.

Akuj akufungulie njia. Kisima chako kisikauke, na watu wa kukupokea ndoo wasikosekane juu wala chini. Mvua ikukute nyumbani, na mifugo yako irudi jioni ikiwa imeshiba. Uyajuayo yawe na sauti. Na atakayekuonya, Akuj amweke karibu nawe, asichelewe.